Maswali yenu juu ya Titan na watu wake

Jambo wasomaji wa Bukavu, Goma na kwengine kote. Mara iliyopita niliongea juu ya Taking Wing, romani ya kwanza ya Titan, ya Michael A. Martin na Andy Mangels, ilitoka mwaka 2005 na inatokana na Star Trek, seri ya televizyo ya watu wenye kusafiri mu anga. Kapiteni Riker anapata meli yake mwenyewe ya anga, jina Titan, na mule ndani wanadamu njo wachache, wengi wanatoka sayari zingine. Mlileta maswali mingi, nimechagua ile iligusa roho yangu.

Yaya, sijaona Star Trek ata siku moja. Naweza soma iyi buku tu hivi? (Msomaji wa Goma)

Unaweza mdogo wangu, ila uanze na kitu kimoja: mu filme ya 2002 mtu mmoja anaitwa Shinzon aliua baraza lote la Waromulan, watu wa sayari ingine, naye akakufa, kiti kikabaki wazi. Meli ya Riker ilikuwa iende mbali kutafuta dunia mpya, sasa inageuzwa njia, inapelekwa kule kukalisha chini wale wote wenye kugombania kiti. Ukijua ivyo inatosha, sababu kuona wakubwa wanagombania kiti wakati raia wanangoja, sidhani mtu wa kwetu anahitaji kufundishwa.

Nilifika ukurasa wa hamsini nikaacha. Watu ni wengi sana, majina inanichanganya, ule iko na mikia, ule iko na maji. Shida ni mimi ao ni buku? (Mwanafunzi, Bukavu)

Shida ni ya buku, na ninasema ivyo nikiwa naipenda sana. Waandishi walikuwa na haraka ya kutuonyesha kila mtu, unapewa jina, rangi ya ngozi, hesabu ya miguu, alafu mlango unafunguka wanaingia wengine watatu na ule wa kwanza bado haujamshika vizuri kichwani.

Lakini rudi. Usijikaze kushika wote, shika wawili tu. Shika dokta Ree, iko mukubwa sana, anafanana na wale wanyama wa zamani wenye meno, anakula nyama, na wagonjwa wanaogopa ata kulala ku kitanda chake, kumbe ana mikono ya upole kupita wote. Alafu shika Lavena, mwenye kuendesha meli, kwao wanaishi mu maji, kwa hiyo kazini anavaa nguo yenye maji ndani ili apate kupumua na chumba chake wamekijaza maji. Fikiria iyo: wamebadilisha chumba juu ya mtu mmoja! Hawakumwambia ajizoeze ao arudi kwao. Pale njo nilianza kuipenda kabisa.

Mimi nilipokuwa mtoto nilipanda bato ya usiku toka Bukavu kwenda Goma, na mama mmoja pembeni yangu alikuwa anasali kwa Mashi, nyuma watu wanacheka kwa Kirega, masoda wanaongea Lingala, mwenye kuuliza tiketi anatumia Kifaransa, na mtoto alipoanza kutapika wote wakaingia mu Kiswahili mara moja, nani iko na maji, nani iko na kitambaa, mpeni nafasi ya upepo. Romani ya meli ya nyota ikiwa nzuri inanirudishia ule usiku. Ikiwa mbaya inanipa mashini na bunduki tu.

Mwalimu wetu anasema romani za kutokana na seri ya televizyo si maandishi ya kweli, ni biashara. (Lubumbashi)

Biashara iko, hakuna mwenye kukataa, jina la seri ni ya kampuni. Ila mpe mwalimu asome Orion's Hounds ya Christopher L. Bennett, ya 2006, ya tatu mu Titan. Kuna wawindaji wanaua viumbe wakubwa wenye kuogelea mu anga, na miili yao njo wanafanya meli. Riker na watu wake wanaona ni ukatili, wanawapa wale viumbe njia ya kuwakimbia. Alafu wanagundua wale wawindaji, na meli zile zile, njo walikuwa wanakinga sayari nyingi na viumbe wabaya zaidi. Sasa ufanye nini, na wema wako umeshafungulia wengine kifo? Nilifunga buku nikakaa kwanza. Kama iyo si maandishi ya kweli basi mwalimu atuambie yeye anatafuta nini.

Ni kweli Uhura ni jina ya Kiswahili ao wanatudanganya? (Msomaji wa Goma)

Ni kweli dada. Uhura ni mwanamuke mweusi mu Star Trek, mwenye kushika mawasiliano ya meli. Jina linatoka ku "uhuru", wakageuza mwisho lipate kusikika kama jina ya mwanamuke. Na Nyota, jina lake la kwanza, lilianza mu buku mwaka 1982, mu filme lilisikika 2009. Kingine watu wengi hawajui: mu kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966, kuna kiumbe kinajigeuza mwanaume mweusi na kinamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Siku ya kwanza! Luga yetu ilipanda ile meli mbele ya wengi.

Yale ya mu romani yanahesabika, ao seri haiyajali? (Bukavu)

Kwa kawaida seri haifungwi na romani. Televizyo iliporudi na seri ya Picard, kapiteni wa zamani wa Riker, mwaka 2020, hadithi yake na ya romani zikapishana, na mwaka 2021 waandishi wakafunga ile dunia yao kwa romani tatu za Coda. Iliniuma, miaka yote ile na wale watu. Ila umbo la Titan yenyewe lilichorwa na mpenzi wa seri aliyeshinda shindano la wachapishaji wa romani, na mwaka 2020 seri ya katuni ya Lower Decks ikaitoa vilevile, na Riker ndani anaamuru. Niliisimamisha pale pale, nikamwita mdogo wangu toka jikoni aje aone.