Kumkabidhi mdogo wangu kwa mikono ya mtu mwingine

Mdogo wangu ana miaka 24 na ana mtindio wa ubongo. Hasemi, hatembei. Tangu mama afariki, mimi ndiye nilimwogesha, nikamlisha na kumgeuza usiku. Miaka minne sikutaka mtu mwingine amguse, mpaka siku mgongo uliponikatalia kumwinua mkekani.

Dada wa kazi wa kwanza nilimkabidhi asubuhi moja tu. Nikamwonyesha sufuria ya uji na nguo, nikakimbilia daladala. Akamlisha akiwa amelala, uji ukaingia njia ya hewa, na siku chache baadaye tulikuwa hospitali na nimonia. Yule dada hakuwa na roho mbaya. Hakuna aliyemfundisha, na wa kumfundisha nilikuwa mimi.

Kwa wa pili nilitumia nusu ya likizo yangu ya siku 28. Siku tatu za kwanza alitazama tu. Kisha akafanya yeye, nikatazama mimi. Ukipata msaidizi, fanya hivyo hata kama ana uzoefu, maana uzoefu wake ni wa mwili wa mtu mwingine. Mfundishe kumketisha wima wakati wa kula na nusu saa baadaye, na kumgeuza mara kwa mara asipate vidonda vya kulalia. Kifafa kikimshika, amlaze ubavu na asimtie kijiko mdomoni kamwe.

Mshahara ulipe tarehe ileile, na siku ya mapumziko iwe ya mapumziko kweli. Mtu aliyechoka humgeuza mgonjwa kwa nguvu.

Lakini usimwamini kwa sababu tu ni mpole mbele yako. Asiyeweza kusema ni rahisi kudhuriwa. Mimi hurudi mapema bila kutoa taarifa, na ngozi yake naikagua mwenyewe kila Jumapili; dada nilimwambia hayo tangu siku ya kwanza, wala hakuchukia. Zaidi ya yote namtazama mdogo wangu. Akifurahi hugonga mkono wa kiti chake kwa kidole gumba. Akiogopa, shingo hukakamaa.

Mwezi uliopita dada alinipigia simu kazini: "Dada, leo hajagonga kiti hata mara moja. Tumpeleke hospitali." Daktari akakuta sikio limeoza ndani. Na asubuhi ile nilikuwa nimemwogesha mimi.