Mlituambia ni miti tu

Wahariri, wiki hii mmeuliza kama kutunza mazingira ni sehemu ya imani ya Mkristo au ni kazi ya serikali na mashirika. Watu wengi nadhani watawajibu ndiyo, ni sehemu ya imani, watawaletea Zaburi ya 24, nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, amina, sina ubishi hapo. Ila mi naona mmeruka swali moja la nyuma yake. Kabla ya kuuliza kama kanisa lina wajibu wa kulinda msitu, tuulize kwanza nani aliondoa kile kilichokuwa kinaulinda. Kwetu Upare, milimani mkoani Kilimanjaro, msitu ulikuwa na mlinzi, na aliyemfukuza kazi ni sisi wa kanisani, tena kwa nyimbo.

Mtu wa Same au Mwanga simuelezi mpungi ni nini. Kwa wengine, ni kipande cha msitu wa ukoo, mara nyingi kipo juu ya chanzo cha maji, humo ndo wazee walikofanyia matambiko na mafuvu ya wakubwa wa ukoo yaliwekwa huko, na hakuna mtu aliyekata hata fito. Sio kwamba babu zetu walikuwa na digrii za mazingira, waliogopa tu. Ukikata unakufa, au anakufa mwanao, basi. Na chini ya mpungi unakuta ndiva, bwawa la kienyeji la mawe na udongo, linajaa usiku, asubuhi mwenye zamu anazibua maji yanashuka na mfereji mpaka shambani kwake.

Sasa ngoja niwasimulie la kwetu. Kijiji sikitaji na usharika siutaji, watu bado wapo.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, ile ya kupanga foleni ya sabuni, mi niko shule ya msingi. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, tukafyatua matofali, tukachoma, ukuta ukapanda hadi lenta, mabati yakapatikana kwa kibali, kwa mbinde kwelikweli, ikabaki kenchi. Mbao za kununua kule chini barabarani bei haishikiki, na kuzipandisha mlimani ni kichwani kwa mtu. Na pale juu ya ndiva upo mpungi wa ukoo mmoja mkubwa, ndani yake mikulo imesimama, ile miti mikubwa ya mbao, minene mpaka watu watatu washikane mikono ndo wauzunguke mmoja. Kila mtu alikuwa anaiona na hakuna aliyekuwa anaisema.

Aliyeisema ni mwinjilisti. Alikuwa mtu mzuri, nalisema hili kwa moyo mweupe, ndiye aliyetufundisha kwaya na ndiye aliyekuwa anaamshwa usiku kubeba wagonjwa kwenye machela kwenda zahanati. Akaanza taratibu na Mwanzo 1:28, mkaijaze nchi na kuitiisha. Jumapili nyingine akaja na Gideoni, Waamuzi sura ya 6, yule aliyebomoa madhabahu ya Baali akaikata na Ashera na kuni zake akazitumia kumtolea Mungu sadaka. Hapo watu wakaelewa inakokwenda. Akasema Gideoni alifanya usiku kwa kuwaogopa watu, sisi tutafanya mchana.

Mzee wa ukoo wenyewe alishabatizwa siku nyingi, anakaa benchi la mbele, akaulizwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Hakukataa na hakukubali. Alisema tu, "Ninyi ndio mnajua." Mi mpaka leo nikilifikiria hilo jibu naona lilikuwa zito kuliko hotuba, lakini baraza wakaandika kwenye muhtasari kwamba amekubali.

Wapasuaji ikabidi watoke Usambara maana wa kwetu wote waliugua ghafla, huyu mgongo, huyu macho. Na hao wa Usambara nao walipofika na msumeno wao wa watu wawili wakaangalia lile eneo wakasema sisi kazi yetu kupasua, kuangusha mtaangusha wenyewe. Basi siku ya siku kijiji kizima kilikuwepo, sio kusaidia, kutazama. Kwaya upande huu, akina mama ng'ambo ya mfereji, sisi watoto tumepanda juu ya mawe. Mwinjilisti akavua koti, akalitundika kwenye tawi la mkuyu, akakunja mikono ya shati, akaomba, akachukua shoka. Pigo la kwanza halikuingia, shoka lilidunda. La pili likaingia, na hapo ikatoka harufu ya kafuri, ile ya dawa ya kuchua kifua, ikatufikia mpaka huko juu tulikokaa, na nakumbuka kwaya walikuwa wanaimba lakini sauti ya nne, ya besi, ilishanyamaza kabisa.

Pale kwenye shina, upande wa juu, kulikuwa na chungu kimefunikwa na jiwe bapa. Mzee wa ukoo alikuja akavua koti lake na yeye, akakifunga ndani yake, akateremka na njia bila kumsalimia mtu, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza alikipeleka wapi.

Mti ulianguka mchana. Wiki ile nzima kijiji kilikuwa kinamsubiri mwinjilisti afe. Jumatano alikohoa dukani, kabla ya kengele ya mchana shule nzima tulikuwa na habari. Hakufa. Jumapili alisimama madhabahuni mzima kabisa, watu wakapiga makofi, siku hiyo mnada wa sadaka ndizi na kuku viliuzwa bei ambayo haijawahi kutokea. Alikufa miaka mingi baadaye akiwa mzee wa kustaafu, akazikwa na tarumbeta. Na zile kenchi zipo, mchwa hawajazigusa, kanisa halivuji.

Ila bibi yangu, ambaye alikuwa mama wa kanisa hasa, siku ile ya makofi tunatoka ibadani akasema, "Hajafa. Sasa nani atakatazwa?"

Na ndo ilivyokuwa. Watu wanadhani hofu ya mpungi ilikufa polepole kwa sababu ya shule na redio, hapana, kwetu iliuawa siku moja saa za mchana mbele ya mashahidi. Wiki mbili tatu watu wakaanza kuokota kuni humo, halafu kukata fito, halafu mtu na shamba lake akasogea kidogo, mwenzake naye akasogea, tangawizi ilipoanza kulipa ndo basi kabisa, maana tangawizi unapindua udongo wote wakati wa kuvuna, na ikinyesha udongo wote unashuka kwenye ndiva. Leo ile ndiva ina tope nusu, zamu za maji watu wanagombana mpaka kwa mtendaji.

Sisemi mti mmoja umekausha maji. Watu tumeongezeka, mvua zenyewe za vuli hazieleweki siku hizi, mashamba yamepanda juu kila mahali hata ambako hapakuwahi kuwa na mpungi. Nataka tu tuwekane sawa. Na hili sio la kwetu peke yetu, marehemu Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, alisimulia ule mti wa mugumo, mtakatifu kwa Wakikuyu, karibu na kwao, mama yake alimkataza kuokota hata kuni zake, aliporudi kutoka masomoni Marekani akakuta umekatwa na kijito kimekauka. Na huyu alisomeshwa na masista, hakuwa mpagani wa kuitetea mizimu.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika, jibu langu lilikuwa kanisa likae kimya kwenye hii ishu, maana likifungua mdomo linahubiri kama vile limeikuta dunia imeharibiwa na wengine. Na linavyofanya siku hizi ndo linazidi kuniudhi. Watoto wa kipaimara wanapelekwa kupanda miti, safi, picha zinapigwa, halafu unakuta miche yenyewe ni mikaratusi kwa sababu ndiyo ya bei rahisi na inakua haraka, na kwetu wameipanda wapi? Juu ya ndiva! Mti unaokunywa maji namna ile. Sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka chanzo cha maji, hutakiwi kufanya shughuli ya kuharibu humo ndani, na hii hata mtendaji wa kijiji anaijua kwa sababu imebandikwa ofisini kwake.

Lakini hapo kwenye mtendaji ndo nimekwama. Nani anamsikiliza? Anapiga faini leo, kesho anakunywa chai kwa aliyempiga faini. Mashirika yanakuja na semina na posho, mradi ukiisha na wao wameisha. Mlimani kwetu mtu ambaye akisema neno linabaki ni mchungaji. Na sio kwamba haiwezekani, hapo jirani upande wa mlima Kilimanjaro Askofu Shoo amehangaika na miti mpaka akaitwa askofu wa miti, na huyo alikuwa mkuu wa KKKT nzima, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, mpaka 2023, sio mtu wa pembeni. Wakatoliki nao Papa Francis aliwaandikia waraka mzima, Laudato Si', mwaka 2015. Na Biblia yenyewe, ukifunua sura inayofuata tu baada ya ile ya mwinjilisti, Mwanzo 2:15, Adamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Kumbukumbu la Torati 20 hata vitani, mkizingira mji, miti ya matunda msiiguse. Haya yote yalikuwemo kwenye Biblia ileile aliyoishika siku ile.

Na kabla hamjanipigia makofi watu wa "turudi kwenye mila", subirini. Hofu hiyohiyo iliyolinda mpungi ndiyo iliyoua vigego. Mtoto akiota jino la juu kwanza alikuwa anatupwa, na waliozuia hayo ni haohao waliokuja na Biblia. Mi binafsi kwenye ukoo wetu kuna mtu ambaye asingekuwepo. Kwa hiyo sitaki ile hofu irudi na simtamani yule mlinzi wa msitu, hata kama maji yalikuwa mengi.

Ninachokitaka mimi, na naona nimebadilika nikiwa katikati ya kuandika hapa, ni kanisa litumie nguvu lililonayo tayari. Sisi Walutheri tuna utaratibu, ukimpa binti wa watu mimba unatengwa, huli meza ya Bwana mpaka utubu mbele ya usharika. Mbona aliyelima hadi kwenye jicho la chemchemi, akawanyima maji kaya zote za chini, anakula meza na bahasha yake ya ahadi inasomwa kwa sauti? Naye atengwe. Hapo nitaamini ni sehemu ya imani, vinginevyo ni siku ya picha.

Najua mtaniambia hiyo nayo ni hofu kwa mlango wa nyuma. Inawezekana. Najua pia watatengwa wenye nusu eka na mwenye eka nyingi atasamehewa kwa sababu amenunua vinanda, kanisa ni la watu. Na wengine watahamia tu kwa walokole wa pale chini ambao hawamtengi mtu. Kwa hiyo isianze na mtu, ianze na usharika wenyewe kung'oa ile mikaratusi juu ya ndiva, na visiki vyake, maana ukiukata tu unachipua, kisha ipandwe mikuyu na mikulo ambayo wajukuu ndo wataiona. Na ipaliliwe, kupanda kila mtu anajua. Wakiitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mi nakuja na sururu yangu. Tatizo ni siku tu, Jumamosi nusu ya kijiji ni Wasabato, Jumapili sisi tuko ibadani, Alhamisi gulio. Waweke Jumatano.