Steringi Akiwa Dhalimu: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu mashujaa wa katuni wanaoruka angani na kuvunja kuta kwa ngumi, lakini nyoyo zao zimeoza. Mengine yameletwa kwa simu, mengine nimeulizwa uso kwa uso pale Mkunguni baada ya alasiri. Nimeyafupisha bila kuyageuza. Niseme mapema niliposimama: nazipenda hadithi hizi, na katika kila ukurasa huwa namtafuta mtu mmoja, yule aliyeumizwa.

Mwanangu ana miaka 13. Nimemkuta na katuni ya The Boys kwenye simu, mtu mwenye joho anaua watu ovyo na bado anaitwa shujaa. Nimnyang'anye? (Mama, Langoni)

Mnyang'anye, dada yangu, wala usione vibaya. Kitabu hiki hakikuandikwa kwa ajili ya watoto. Garth Ennis alianza kukiandika mwaka 2006, Darick Robertson akichora, na mchapishaji wa kwanza, tawi la kampuni ileile yenye Superman na Batman, aliutema mfululizo huo baada ya matoleo 6 tu. Ukahamia kwa Dynamite na kuendelea hadi toleo la 72 mwaka 2012. Mna ubakaji humo, mna matusi, mna miili inayopasuliwa. Tamthilia yake, iliyoanza mwaka 2019, nayo ni ya watu wazima.

Lakini ukishaichukua simu, usiishie hapo, maana alichokiona amekwisha kukiona. Muulize ni picha gani iliyomganda. Toleo la kwanza linamwonyesha kijana mmoja wa kawaida, Hughie, ameshikana mikono na mchumba wake, wanazungumza mapenzi. A-Train, shujaa mwenye mbio zisizo kifani, anapita hapo kama risasi katikati ya mapambano, na msichana anabamizwa ukutani. Hughie anabaki ameishika mikono miwili, mwenye mikono hayupo. Kwenye tamthilia kampuni inayowalea mashujaa hao inamletea karatasi atie sahihi, apewe dola 45,000, anyamaze. Kama mwanao ameikumbuka mikono ile, amesoma sawasawa. Kama anachokumbuka ni miale ya macho ya Homelander, yule mwenye joho, tu, keti naye. Si kwa ukali; mweleze Hughie alikuwa nani kabla ya dakika ile.

Mbona wenzangu wanamsamehe shujaa aliyeangamiza mji mzima, lakini aliyempiga mkewe mara moja hawataki hata kumsikia? (Mwanafunzi wa kike, Mkomani)

Mwanangu, hili ndilo swali lililonikaa kuliko yote. Nadhani unamkusudia Hank Pym wa kundi la Avengers. Mwaka 1981, katika toleo la 213, alikuwa amechanganyikiwa, anapanga njama ya kujirudishia heshima, na mkewe Janet alipojaribu kumzuia akampiga. Mwandishi, Jim Shooter, alikuja kueleza baadaye kwamba yeye alikusudia mkono urushwe kwa hasira umguse mke kwa bahati mbaya, na mchoraji Bob Hall akachora pigo kamili. Picha ikachapishwa hivyo. Tangu hapo zimepita zaidi ya miaka 40. Waandishi wamemtubisha Pym, wamempa kazi mpya na majina mapya, na bado shabiki akilisikia jina lake, jambo la kwanza analolitaja ni lile pigo.

Mji ukibomoka kwenye katuni tunachokiona ni moshi na vifusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona ghorofa ikiangushwa kwa ngumi, kwa hiyo jicho linapita. Pigo la mume tunalijua. Hapa kwetu nyumba zimebanana, kichochoro hakipitishi punda wawili, na kuta zetu za matumbawe ni nene lakini sauti ya usiku hupanda juu ikatokea darini kwa jirani. Asubuhi mwanamke anapita na buibui lake amelivuta mpaka kwenye nyusi, nasi tunamwamkia kana kwamba hatukusikia kitu. Msomaji anapofika kwenye ile picha ya Janet anafika na hayo yote kichwani. Ndiyo maana hasamehi.

Wapo wanaosema huo ni uonevu, kwamba Pym amefungwa maisha kwa fremu moja ya karatasi. Mimi sikubaliani nao. Wasomaji hawa hawajakosea. Walichokosa ni kuendelea. Kama unaweza kumwonea uchungu Janet, geuza ukurasa wa mji uliobomoka uulize mle kwenye majengo mlikuwa na nani. Palikuwa na mtu anapika. Palikuwa na mtoto amelala. Mchoraji hakuwachora, na kutochorwa kwao ndiko kunakomwokoa yule aliyewaua. Waambie wenzako hivyo, na uwaulize jina la mtu mmoja tu aliyekufa katika mji ule wanaousamehea. Halipo.

Nimenunua mtumba tisheti yenye fuvu la Punisher. Mjomba ananiambia niivue. Kosa langu ni nini? Yule si anaua wabaya tu? (Kijana, Shela)

Ndugu yangu, tisheti ni yako. Ila kabla hujaivaa tena ujue historia ya fuvu hilo.

Punisher alitokea mara ya kwanza mwaka 1974 ndani ya katuni ya Spider-Man, tena alikuja kama muuaji aliyedanganywa amwinde Spider-Man. Ni askari wa zamani ambaye mkewe na watoto wake waliuawa na majambazi, naye akaamua kuua kila mhalifu anayemkuta, bila kesi wala hakimu. Gerry Conway, aliyemwandika mwanzo, hakumweka awe mfano. Alikuwa alama ya mahali sheria imeshindwa. Lakini watazamaji ni watu wa ajabu. Wanajeshi wa Marekani walilibandika fuvu hilo kwenye magari na mavazi yao kule Iraq, kisha polisi wa Marekani nao wakalibandika kwenye magari ya doria. Conway alilipinga jambo hilo hadharani. Mwaka 2019 Marvel yenyewe ilichapisha toleo ambamo polisi wawili wanamfurahia Punisher na kumwonyesha stika yake garini, naye anaichana na kuwaambia kama wanataka wa kumfuata yupo Captain America.

Si yeye wa kwanza kupendwa kinyume na alivyokusudiwa. Rorschach wa Watchmen, kazi ya Alan Moore na Dave Gibbons ya mwaka 1986 na 1987, aliandikwa awe onyo: mtu mpweke, anayenuka, anayewavunja watu vidole akitafuta habari. Wasomaji wengi wakamshika wakamfanya kipenzi, na Moore mwenyewe amesema mara kadhaa jinsi jambo hilo lilivyomkera. Na Homelander ndiye anayefuata katika njia hiyo. Uso wake ni picha ya wasifu ya vijana wengi tu, hata hapa kisiwani.

Sababu naijua, na sikulaumu. Mtu aliyechoka kuonewa humpenda asiyeomba ruhusa. Ukikaa miaka unasubiri hati ya shamba, au kesi inayoahirishwa kila mwezi, yule anayemaliza jambo kwa mkono mmoja anakupa pumzi. Lakini wewe ni mtu wa Pwani. Pwani hii ina mama waliochukuliwa watoto wao usiku na watu wasiojitambulisha, na mpaka leo hawajaonyeshwa kaburi. Waliowachukua nao waliambiwa, au walijiambia, kwamba wanaondoa wabaya tu. Mjomba wako huenda hajui Punisher ni nani, lakini ameona fuvu na bunduki, na ana umri wa kukumbuka mengi. Ukiivaa tisheti hiyo, mama mmoja wa hao anaweza kukutana nawe jetini. Mimi nisingeivaa.

Je, ni kweli wasomaji waliwahi kupiga kura mtoto auawe, na akauawa? (Msomaji, Mpeketoni)

Kweli kabisa, mwaka 1988. Mtoto mwenyewe ni Jason Todd, Robin wa pili, msaidizi wa Batman. Wasomaji hawakumpenda: mkaidi, mwepesi wa hasira, na kulikuwa na tukio moja la mbakaji kuanguka kutoka barazani ghorofani huku Jason akiwa pale. Batman alipomuuliza alisema jamaa aliteleza. Picha ya kuanguka haikuonyesha nani alifanya nini, na shaka ikabaki.

Ikaja hadithi ambamo Joker, adui mkuu wa Batman, anampiga Robin kwa mtaimbo kisha bomu linalipuka. Toleo la 427 likaishia hapo na namba mbili za simu, moja ya kumwokoa na nyingine ya kumzika, kila simu senti 50. Simu 5,271 zilitaka aishi. Simu 5,343 zilitaka afe. Tofauti ni 72. Toleo lililofuata Batman akatoka kwenye vifusi amembeba.

Kinachoniuma si kura yenyewe, maana hakuna mtoto wa damu aliyekufa. Ni kwamba Jason alikuwa mtoto wa mitaani, Batman alimkuta akiiba magurudumu ya gari lake. Ukali wake ulikuwa na asili, na ulionyeshwa waziwazi kwenye kurasa. Watu walikuwa tayari kumvumilia bilionea anayevunja mifupa ya watu kila usiku, wakashindwa kumvumilia yatima mwenye hasira. Aliyelelewa vizuri hasira yake huitwa msimamo. Jason alirudishwa hai mwaka 2005, amekuwa mtu mzima, anaua, na sasa wengi wanampenda.

Omni-Man wa Invincible alitubu. Tumsamehe? (Wawili wanaobishana, Kizingitini)

Nimeambiwa ubishi wenu umevuka hadi kwenye mashua. Nitajibu kwa ufupi. Katika katuni ya Robert Kirkman, iliyotoka mwaka 2003 hadi 2018, Nolan, ambaye ndiye Omni-Man, anaua mashujaa wenzake, anampiga mwanawe Mark mpaka karibu kufa, na anasema mkewe Debbie kwake ni kama mnyama wa kufugwa tu. Baadaye analia, anageuka, anapigana upande wa haki, na toba yake naiona ya kweli. Lakini wenye haki ya kusamehe ni Mark na Debbie. Debbie alizama katika pombe kwa neno lile. Ninyi wawili mnaweza kumpenda Nolan bila kuugawa msamaha usio wenu.

Ustadhi, mashujaa wa zamani walikuwa safi. Hizi takataka za sasa zinawafundisha watoto kwamba kila mkubwa ni mnafiki. (Mzee, Pate)

Shikamoo mzee wangu. Hofu yako naielewa, na zipo hadithi zinazochafua kwa sababu uchafu unauzika. Hizo tuko pamoja kuzikataa.

Lakini nakuomba turudi kwa Fumo Liyongo, ambaye wewe unamjua kuliko mimi. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu mwaka 1913, Liyongo hashindwi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Sultani wa Pate anamhonga mwanawe kwa cheo na mke. Baba anamshuku mtoto, na siri anampa hivyohivyo. Mtoto anamchoma akiwa amelala. Liyongo anachukua upinde, anatoka hadi kisimani, anapiga goti, mshale umo upindeni, na anafia hapo. Watu wanamwona, wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kuteka maji. Mji unakauka kwa kiu mbele ya maiti, mpaka mama yake anakuja kumsihi.

Hakuna aliye safi humo, mzee. Mtawala ni mwoga, mtoto ni msaliti, na hata shujaa anawatisha wanyonge akiwa amekwisha kufa. Lakini mtunzi hakutuficha wale watu wenye ndoo tupu. Wazee wetu walitupa hadithi hiyo tungali wadogo na hatukuharibika. Wajukuu wako nao waketishe, uwasomee kwa sauti yako, kisha uwaulize wangefanya nini kama wangekuwa yule mtoto.

Nitafute nini cha Kiafrika chenye shujaa mwenye kasoro, lakini kisicho na damu nyingi? (Mwalimu, Hindi)

Kwezi, ya Loyiso Mkize wa Afrika Kusini, ilianza mwaka 2014. Ni kijana wa miaka 19 anayeipata nguvu na jambo la kwanza analoliwaza ni umaarufu. Anaokoa watu huku akitazama nani anamtazama. Wanafunzi wako watamjua mara moja. Ukitaka ya nyumbani, Shujaaz ilianza kutoka mwaka 2010 kwa Sheng, na Boyie wake hana nguvu yoyote isipokuwa redio anayoirusha kwa siri kutoka chumbani. Anza na Kwezi. Waache wamchukie kwa sura mbili za kwanza, usiwakatize, kisha uniandikie walichosema.