Kompaila ikikaa kimya, ifuate namba mwenyewe

Ukianza kuchangia msimbo wa hifadhidata huria, hasa viendelezi vya PostgreSQL vinavyoandikwa kwa C, anza na hitilafu ya aina za data. Ni kazi ndogo, lakini itakutembeza nyumba nzima.

Ya kwanza niliyorekebisha ilikuwa kwenye funksheni fupi: inapokea namba, inaikagua, inairudisha kama ilivyo. Ukiipa 5, unapata 5. Ukiipa 3000000000, unapata -1294967296. Namba kubwa ikigeuka hasi namna hiyo, jua kuna mahali biti 64 zimebanwa kwenye nafasi ya biti 32, ambayo ukomo wake ni 2147483647.

Faili la SQL lilitangaza kwamba funksheni inapokea bigint, yaani namba ya biti 64. Faili la C liliisoma kwa PG_GETARG_INT32, inayochukua biti 32 tu. Mafaili haya mawili hayajuani. PostgreSQL hupitisha kila thamani ndani ya Datum, mfano wa kopo lisilo na lebo: wewe ndiye unayesema ndani mna nini, na ukikosea hakuna wa kukusahihisha.

Nikaweka PG_GETARG_INT64, nikajenga upya, nikajaribu. Bado -1294967296! Nilihangaika mchana kutwa, kumbe kigeu kilichopokea ile namba kilikuwa bado int32, yaani cha biti 32. Kompaila ya gcc, programu inayogeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine, hata ukiiwekea -Wall, swichi ya kuwasha maonyo ya kawaida, haionyi juu ya kubanwa kwa namna hii. Mpaka uongeze -Wconversion. Kwa hiyo ifuate namba kwa kidole: inapoingia, inapokaa, inapolinganishwa, inapotoka. Kule kwenye kutoka nako nilikuta PG_RETURN_INT32, inayorudisha biti 32 tu. Nilipobadilisha kigeu kuwa int64 ndipo kompaila ilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza: ujumbe wa kosa ulikuwa unaichapa namba kwa %d, alama ya kuchapa int ya kawaida, si int64.

Nawasihi sana, andikeni jaribio kabla ya kugusa chochote. Swali liende kwenye folda ya sql, jibu sahihi kwenye expected, kisha endesha make installcheck, amri inayolinganisha majibu hayo na yanayotoka kweli, ulione jaribio likifeli kwa macho yako. Namba 5 haitakuonyesha kitu. Jaribu 2147483647 na jirani yake, 2147483648.

Aliyekagua mabadiliko yangu aliuliza jambo moja tu: na upande wa hasi je? Nikaupa msimbo wa zamani -2147483649, ukanirudishia 2147483647. Nikaongeza mstari huo kwenye jaribio, nikatuma tena.