Re: Naomba wazo la projekti ya data inayosaidia jamii

Mkuu umeuliza ufanye projekti gani ya mwaka wa mwisho kwa kutumia data, ila isiishie kabatini kwa supavaiza. Mi nakushauri angalia Ramani Huria ya Dar, mradi wa kuchora ramani ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar (UDSM) waliingia mitaani kwenye kata zinazofurika wakachora nyumba, njia na mitaro, wakaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaitumia bure. Kabla yao Tandale, hukohuko Dar, ilichorwa 2011. Yani maeneo ambayo kwenye ramani yalikuwa kama pori tupu wakati watu wamebanana humo!

Sasa we huhitaji droni wala hela nyingi, chukua mtaa mmoja tu unaofurika. Anza na mwenyekiti wa mtaa, usiruke hapo, bila yeye watu wanakufungia milango. Afu pita nyumba kwa nyumba na simu, KoboToolbox (programu ya kukusanyia data) inatosha, na usimuulize mama wa watu "maji yalifika sentimita ngapi", muulize yalifika wapi, atakuonyesha mwenyewe alama ya tope ukutani, we pima na futi kamba andika. Mtaro piga picha, andika umeziba na nini, mchanga au takataka.

Ukimaliza chora ramani kwenye QGIS (programu ya bure ya kompyuta ya kuchora ramani), printi karatasi kubwa, irudishe ofisi ya mtaa ibandikwe ukutani, maana data ni yao. Majina na namba za simu za watu usiweke kabisa. Upo mkoa gani?