Kingston na Montego Bay: usalama wa msafiri hutegemea mtaa na saa

Watanzania na Wakenya wenzangu tunaoishi Kanada wanaponiuliza kama Jamaica ni nchi salama, huwa nawauliza kwanza wanakwenda mtaa gani, watafikia kwa nani na watatembea saa ngapi. Bila kujua mambo hayo matatu sina jibu la kweli la kuwapa. Mwaka 2009, na tena mwaka 2017, Jamaica ilirekodi mauaji zaidi ya 1,600 kwa mwaka, katika nchi yenye watu wasiofika milioni 3. Kufikia mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi takriban 1,140, ambayo bado ni kubwa mno kwa taifa dogo, na mwaka huohuo wageni zaidi ya milioni 4 waliingia nchini kwa ndege na kwa meli, wengi wao wakarudi kwao bila kuguswa na mtu. Takwimu zote mbili ni za kweli. Anayeitazama ya kwanza peke yake atajifungia hotelini kwa hofu, na anayeitazama ya pili peke yake atatembea ovyo usiku katika mitaa ambayo hata wazaliwa wa Kingston hawapiti.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba uhalifu mkubwa wa miji ya Jamaica una historia na una mahali pake. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyama viwili vikuu vya siasa, JLP (Jamaica Labour Party) na PNP (People's National Party), viligawa nyumba na ajira kwa wafuasi wao, hivyo mitaa mizima ya magharibi mwa Kingston ikawa ngome za chama kimoja au kingine. Tivoli Gardens ikawa ya JLP, Arnett Gardens ikawa ya PNP, na mpaka kati ya ngome hizo ukawa unalindwa kwa bunduki. Katika mwaka wa uchaguzi wa 1980 watu zaidi ya 800 waliuawa. Baadaye fedha za dawa za kulevya ziliwapa viongozi wa magenge nguvu kuliko wanasiasa waliowalea, na mwezi Mei 2010 serikali ilipoingia Tivoli Gardens kumkamata Christopher Coke, kiongozi wa genge la mtaa huo, ili apelekwe Marekani, zaidi ya raia 70 walipoteza maisha. Montego Bay ina chanzo chake kingine, nacho ni utapeli wa bahati nasibu kwa njia ya simu, ambao kwa miaka mingi umewalenga hasa wazee wa Marekani. Pesa zake zimenunua bunduki na kuwafanya vijana wauane kwa kugombea orodha za majina na namba za simu.

Nimeeleza hayo kwa sababu yanaonyesha kwamba msafiri kwa kawaida si mlengwa wa mauaji hayo. Magenge hulipiziana kisasi, na raia wa mitaa hiyo ndio wanaobeba mzigo mzito kuliko wote, jambo ambalo mgeni anapaswa kulikumbuka kabla hajalizungumzia kwa wepesi mbele ya wenyeji. Hatari kwa mgeni ni kujikuta mahali pasipomfaa wakati watu wenye bunduki wanapoanza kufyatuliana risasi, na zaidi ya hapo, uporaji wa kawaida wa simu, pesa na mikoba.

Mipaka ya hatari huwa mifupi na ya ghafla. Polisi wa Jamaica wanapotangaza amri ya kutotoka nje, mara nyingi kwa saa 48, hutaja barabara zinazozunguka eneo husika upande wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na eneo lenyewe linaweza kuwa vichochoro vichache tu. Vivyo hivyo, sheria ya mwaka 2017 iliyoanzisha kanda za operesheni maalumu, yaani maeneo ambayo polisi na wanajeshi hupewa mamlaka ya ziada, ilianza kutumika Mount Salem huko Montego Bay, kisha Denham Town mjini Kingston, mitaa ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa mguu kwa muda mfupi. Ndiyo maana nashauri kila msafiri asome mashauri ya usafiri ya serikali za Marekani, Uingereza na Kanada, kwa kuwa yanataja mitaa kwa majina, kisha amsomee mwenyeji wake majina hayo na kumwomba amwelekeze. Mwenyeji wangu, mama mtu mzima aliyefundisha shule kwa miaka mingi, alikaa nami na ramani ya simu, akanionyesha barabara ambayo upande wake mmoja yeye hununua mboga na upande wa pili hajakanyaga tangu ujana wake. Maelezo ya namna hiyo hakuna tovuti itakayokupa, kwa hiyo usione haya kuyaomba.

Kingston unashuka kutoka milimani hadi bandarini, na wenyeji huugawa mji wa juu na mji wa chini, makutano ya Cross Roads yakiwa katikati. Mji wa juu una New Kingston yenye mahoteli na benki, Bustani ya Emancipation, Devon House, na nyumba ya makumbusho ya Bob Marley katika Hope Road. Mchana nilitembea huko kwa miguu bila wasiwasi, na jioni bustani ile hujaa familia na watu wanaofanya mazoezi. Giza likishaingia, hata huko nilipanda gari kwa safari fupi ambazo mchana ningezitembea, kwa sababu barabara nyingi zina kuta ndefu na watu wachache, na mpita njia akiwa peke yake huonekana kutoka mbali.

Mji wa chini nausifu kwa moyo wote, na sipendi kusikia mtu akiambiwa asiukanyage kabisa. Jumba la Taifa la Sanaa liko huko, karibu na bahari, pamoja na michoro ya ukutani ya Water Lane na soko la Coronation, ambalo mtu aliyezoea Kariakoo au Gikomba atalielewa mara moja. Nenda asubuhi, siku ya kazi, pamoja na mwenyeji, na uondoke kabla maduka hayajafungwa, kwani maduka yakifunga umati unaokulinda hutawanyika haraka sana. Sokoni weka kiasi kidogo cha pesa mfuko wa mbele, acha pasipoti hotelini na utembee na nakala yake. Trench Town, mtaa alikokulia Bob Marley, una kituo cha utamaduni kinachopokea wageni na kuwatembeza. Ingia kwa kupitia watu wa kituo hicho, walipe haki yao, na usijitafutie njia ya mkato kwa kufuata ramani ya simu.

Hapo nasisitiza, kwa sababu ramani za simu ni chanzo cha matatizo mengi. Programu hukuchagulia barabara fupi, nayo haijui kwamba barabara hiyo inapita katikati ya magenge mawili. Ukikodi gari, muulize mwenyeji njia kabla ya kuwasha injini, fuata barabara kuu, funga milango na usiendeshe usiku kama unaweza kuepuka. Kwa watu wa Afrika Mashariki kuendesha upande wa kushoto hakutakuwa kugeni, lakini mwendo wa madereva wa Jamaica utawashtua. Mwaka 2022 watu zaidi ya 480 walikufa barabarani, na naamini ajali inastahili kuogopwa na msafiri wa kawaida kuliko bunduki. Funga mkanda hata kwenye kiti cha nyuma, na dereva akikimbia kupita kiasi mwambie apunguze au akushushe mahali penye watu.

Kuhusu teksi, kanuni kuu ni rangi ya kibao cha namba. Gari lenye leseni ya kubeba abiria lina kibao chekundu, na lisilo nacho ni gari la mtu binafsi hata kama dereva anaita abiria kwa sauti na nauli yake ni ndogo. Teksi za njia maalumu hubeba watu wanne au watano kama zilivyo probox za kwetu, na mchana niliwahi kuzipanda mara nyingi nikiwa na wenyeji. Usiku nilitumia dereva mmoja tu ambaye familia iliyonipokea ilimfahamu. Mwanamke anayesafiri peke yake asipande teksi ambayo ndani yake kuna wanaume peke yao, hata ikiwa na kibao chekundu, na amtumie mtu wa nyumbani picha ya namba ya gari kabla ya kuondoka. Kati ya Kingston na Montego Bay kuna mabasi ya Knutsford Express, yenye viti vya kukata tiketi mapema na stendi zake zenyewe, na kwa mgeni naona hiyo ndiyo njia inayofaa zaidi.

Uwanja wa ndege wa Norman Manley uko kwenye ulimi mwembamba wa nchi kavu uitwao Palisadoes, kwa hiyo kila anayetua huingia mjini kwa barabara ileile. Jitahidi ndege yako itue mchana. Ikishindikana, panga mapema nani atakupokea, awe na jina lako na wewe uwe na jina lake na namba ya gari, na usionyeshe pesa wala kubadilisha fedha nyingi mbele ya watu. Pesa za matumizi zitoe kwenye mashine iliyo ndani ya benki au ndani ya duka kubwa, mchana, kwa sababu wizi wa kunakili kadi upo, na mtu anayetoka kwenye mashine ya barabarani akihesabu noti hujitangaza mwenyewe.

Salamu ni sehemu ya usalama, na hili watu wetu wanaliweza vizuri. Jamaica mtu akiingia kwenye teksi, dukani au kwenye foleni ya hospitali huwasalimu waliomo, na asiyesalimu huonekana mwenye dharau. Nilimsalimu mlinzi wa lango, muuza nazi na mama wa kibanda cha mboga cha pembeni kila nilipopita, na baada ya muda mfupi wao ndio walioniambia ni upande gani kuna zogo siku hiyo. Usipige watu picha bila ruhusa, hasa katika mitaa yenye uhasama, ambako simu iliyoelekezwa kwa vijana waliosimama pembeni inaweza kueleweka kuwa ni upelelezi. Na nguo zenye mabaka ya kijeshi ziache nyumbani, kwa maana sheria inakataza raia kuzivaa.

Montego Bay unaweza kumdanganya mgeni kwa namna nyingine. Wengi hutoka uwanja wa ndege wa Sangster moja kwa moja hadi hoteli zenye kuta na walinzi, na hatari yao kubwa hubaki mle ndani: kinywaji kilichoachwa bila mtu, mlango wa chumba usiofungwa, mtu waliyemzoea kwa siku moja wakamfungulia chumba. Serikali ya Marekani imetoa tahadhari kuhusu ubakaji uliotokea hata ndani ya hoteli za aina hiyo, hivyo nawaomba wanawake wasilegeze uangalifu kwa sababu tu kuna lango. Wanaotoka kwenda barabara ya watalii, ambayo tangu 2019 inaitwa Jimmy Cliff Boulevard, watafuatwa na watu wanaouza kila kitu. Jibu la heshima na la mkato linatosha, na usimame kuzungumza pale tu unapotaka kununua.

Wengi huamini kwamba bangi ni halali Jamaica. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yalifanya kukutwa na kiasi kisichozidi wakia 2 kuwa kosa la kutozwa faini ndogo bila kuandikiwa rekodi ya jinai, lakini kuinunua barabarani kunakukutanisha na watu usiowajua, na kuitoa nje ya nchi ni kosa kubwa. Sheria ya silaha ya mwaka 2022 ni kali zaidi, ina vifungo vya kuanzia miaka 15, na ndugu zetu wanaotoka Marekani wakague mabegi yao vizuri, kwani hata risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa begi la kuwindia inaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Akitokea mtu wa kukupora, mpe anachotaka. Usimfukuze, usibishane naye, usimkazie macho. Kisha nenda mahali penye watu na upige 119 kwa polisi, au 110 kwa gari la wagonjwa na zimamoto. Gari la wagonjwa laweza kuchelewa, kwa hiyo watu wengi hupelekwa hospitali kwa gari binafsi, na hospitali za watu binafsi huomba malipo kabla ya matibabu. Bima ya safari ikatwe kabla ya kuondoka, na uhakikishe inagharamia kusafirishwa hadi nchi nyingine. Ripoti ya polisi ichukue siku ileile, maana bila hiyo bima haitalipa na pasipoti mpya itachelewa. Kama nchi yako haina ubalozi Kingston, tafuta mapema ni ubalozi gani unaoihudumia Jamaica kwa niaba yake, uandike namba yake kwenye karatasi pia, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kuporwa.

Siku ya kurudi, funga begi lako mwenyewe na usikubali kifurushi cha mtu yeyote, hata cha mtoto wa mwenyeji wako anayedai kwamba ni keki ya shangazi yake aliyeko Toronto. Mwambie kwa upole kwamba hubebi vya watu, umwelekeze kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi, kisha uondoke kwenda uwanjani mapema kungali mchana pamoja na yule dereva unayemfahamu.