Kumkumbuka Les Paul: anzeni na gogo, si hotuba

Mdogo wangu, umesema kikundi chenu cha gitaa hapo Nkuhungu, Dodoma, kinataka jioni ya kumkumbuka Les Paul, yule Mmarekani mpiga gitaa na mbunifu wa magitaa, ila hamna gitaa lenye jina lake wala spika za maana. Hilo lisikunyime usingizi.

Pitieni kwa fundi seremala, mwombeni kipande cha mbao nene. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mzee yule alichukua gogo la msonobari (Wagogo msinicheke), akalipachika shingo ya gitaa, nyuzi na vinasa sauti vya sumaku. Umbo halikuwavutia watu, basi akalibandikia mbavu za gitaa la kawaida. Wageni wagonge mbao yenu, kisha wagonge gitaa lenye tumbo. Wataelewa wenyewe: tumbo hutetemeka pamoja na spika na kuanza kuvuma ovyo, gogo hutulia.

Halafu simu. Mwaka 1948 alitoa wimbo ambao sehemu zote nane za gitaa alizipiga peke yake, moja juu ya nyingine. Mmoja wenu ajirekodi rizimu, aongeze besi, amalizie na solo, hadharani. Akikosea, vizuri zaidi.

Wasifu dakika mbili tu: alizaliwa 1915 Wisconsin, Marekani, akafariki 2009 akiwa na miaka 94.

Na mtafuteni mpiga ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, naye alikiongezea vyuma chombo cha wazee wake. Chajini simu mapema, umeme wetu mnaujua.